Majina ya Miti ya Busia na Malaba katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Busia na Malaba ni miji ya magharibi mwa Kenya iliyo mpakani na Uganda. Katika eneo hili Wabukhayo, Wasamia na Wamarachi, ambao ni Waluhya, huishi kwa ujirani na Wateso, na Wajaluo hawako mbali. Kiswahili huwakutanisha sokoni, kituoni na darasani. Hata hivyo, mwanafunzi akitakiwa kuitaja kwa Kiswahili miti inayoizunguka shule yake, mara nyingi hutaja mkaratusi kwa haraka na kukwama anapoufikia mti wa kwao. Makala haya yanaeleza chanzo cha hali hiyo na kupendekeza njia ya kuirekebisha.

2.0 Miti yenye jina la Kiswahili

Mti mkuu wa kundi hili ni mvule (Milicia excelsa). Waluhya huuita murumba au mutumba, Wajaluo olua na Wateso eloa. Una jina la Kiswahili kwa sababu huota pia katika pwani ya Kenya na Tanzania, ambako mbao zake, zisizoliwa na mchwa kwa urahisi, zimetengenezewa milango na samani tangu zamani. Huko Busia mivule mingi iliyosalia husimama mmojammoja mashambani. Hilo ni jambo la kutia wasiwasi, kwa kuwa mvule wa kiume na wa kike ni miti miwili tofauti: wa kike ukibaki peke yake hauwezi kuzaa mbegu. Isitoshe, miche yake hushambuliwa na mdudu anayeyatia majani vinundu na kuudumaza mmea, hivyo ni vigumu kuipanda kwa wingi mahali pamoja.

Mkuyu (Ficus sycomorus) hupenda kingo za mito. Waluhya huuita mukhuyu. Ufanano huu hautokani na kukopana kwa majuzi, bali ni urithi wa Kibantu: mzizi ni uleule, na kiambishi mu- cha Kiluhya ndicho m- cha Kiswahili. Mkwaju nao, ambao Wateso huuita epeduru, huota bara na pwani, na tunda lake, ukwaju, linajulikana kote.

3.0 Miti isiyo na jina lililozoeleka

Hali ni tofauti kwa Markhamia lutea, mti wa maua ya manjano unaopatikana katika maboma mengi ya eneo hili na unaotoa nguzo za nyumba na mipini ya majembe. Waluhya huuita lusiola, Wajaluo siala na Waganda musambya. Vivyo hivyo Albizia coriaria ni ober kwa Wajaluo na mugavu kwa Waganda. Katika Kiswahili cha kila siku miti hii haina jina linaloeleweka na wote.

Sababu ni ya kijiografia. Msamiati wa miti katika Kiswahili ulijengwa pwani, na wenyeji wa huko walikipa jina walichokiona. Miti hii miwili ni ya bara, hasa kandokando ya Ziwa Viktoria, nayo ilikuwa mbali na macho yao.

4.0 Miti ya kigeni

Umbali pekee, hata hivyo, hautoshi kuwa kisingizio. Mkaratusi ulitoka Australia na kuletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili utoe kuni za garimoshi. Jina lake la kigeni lilifupishwa, likapewa kiambishi m-, likaingia katika ngeli ya M-MI bila taabu. Mwarobaini, wenye asili ya Bara Hindi, ulipewa jina kutokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Ikiwa Kiswahili kiliweza kuibatiza miti iliyovuka bahari, hakishindwi kuibatiza miti ya Busia.

5.0 Mapendekezo

Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka eneo hili wakusanye majina kwa wazee, wakiandika lugha, mahali, matumizi na jina la kisayansi lililothibitishwa na wataalamu wa mimea.

Pili, mofolojia izingatiwe. Lu- katika lusiola ni kiambishi cha ngeli. Kikiondolewa hupatikana msiola, wingi misiola. E- katika epeduru na eloa ni kiambishi cha jinsia katika Kiteso, wala si sehemu ya mzizi. Anayekopa bila kulijua hilo hubeba viambishi viwili kwa mzizi mmoja.

Tatu, jina lijaribiwe kwanza vinywani mwa wasemaji kabla ya kupelekwa kamusini. Istilahi isiyosemwa na mtu haiishi.

6.0 Hitimisho

Mvule unathibitisha kwamba jina peke yake haliulindi mti dhidi ya msumeno. Lakini mti usio na jina la pamoja hauwezi hata kutajwa katika somo, katika tangazo la upandaji miti au katika baraza la chifu ambako Mteso, Mluhya na Mjaluo wameketi pamoja. Kila mzee anayefariki huondoka na sehemu ya msamiati huu. Kwa hiyo kazi ya kuukusanya haifai kungoja.