SOMO LETU: TUPANDE MLIMA KWA AKILI

Sisi tunaoishi sehemu za milima, kama Lushoto, Mbinga, Rungwe au Makete, tunaijua kazi ya baiskeli. Inapeleka mahindi mashineni. Inaleta mbolea. Mtoto akishikwa na homa usiku, mara nyingi ni baiskeli inayomfikisha zahanati. Lakini ukipanda mlima vibaya, nguvu zinakwisha njiani, magoti yanauma, hata mnyororo unakatika.

Kijana mmoja kijijini kwetu alibeba gunia zima la mahindi. Alipofika kwenye mlima alikataa kushuka. Alisema kusukuma ni kazi ya wazee. Akasimama juu ya pedeli, akakandamiza kwa nguvu zote. Mnyororo ukakatika. Aliangukia ile bomba ya katikati, gunia likabiringika bondeni. Wiki tatu hakushika jembe, na huo ulikuwa msimu wa kupalilia. Hasara hiyo tungeweza kuiepuka. Basi, tujifunze.

Kwa nini mlima ni mzito?

Hebu tupige hesabu. Mtu ana kilo 60. Baiskeli ina kilo 20. Nyuma kuna madebe mawili ya mahindi, tuseme kilo 36. Jumla ni kilo 116. Barabara inapanda mita 1 katika kila mita 10. Mlima huo unatuvuta nyuma kama vile tumefungiwa kamba yenye mzigo wa kilo 12.

Kilo 12 si nyingi. Taabu iko kwenye meno. Baiskeli zetu nyingi hazina gia za kubadilisha. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 48, na la nyuma lina meno 18. Pedeli zikizunguka mara moja, baiskeli inakwenda karibu mita 6. Tambarare ni raha. Lakini mlimani, kwa mzigo wetu ule, miguu inatakiwa kukandamiza kwa nguvu ya kilo 60 na zaidi. Huo ni uzito wa mtu mzima! Ndiyo maana unasimama juu ya pedeli na baiskeli haiendi. Si uvivu, ni hesabu.

Fundi anaweza kukuwekea nyuma gurudumu lenye meno 22. Pengine mnyororo utaongezwa pingili. Hapo mzunguko mmoja utakupeleka chini kidogo ya mita 5. Tambarare utapungua mwendo, ila mlimani utaona nafuu.

Kabla ya kuondoka

1. Tazama siti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Siti ikiwa chini mno, magoti yanaumia na nguvu zinapotea.

2. Jaza upepo vizuri. Tairi laini linakula nguvu zako.

3. Safisha mnyororo, utie oili kidogo. Ukiwa umelegea sana au umelika, mwone fundi.

4. Funga mzigo imara. Usiuache uning'inie nyuma ya keria. Ukining'inia, tairi la mbele linanyanyuka mlimani na usukani haukusikii.

5. Jaribu breki zote mbili.

Wakati wa kupanda

Usianze kwa pupa. Wengi wetu tunaukimbilia mlima, tukifika katikati pumzi imekwisha. Haraka haraka haina baraka. Shika mwendo ambao unaweza kusema maneno machache bila kuhema sana.

Kanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, pale penye nyama nyuma ya vidole. Usikanyage kwa katikati ya unyayo.

Usikandamize kwenda chini tu. Anza kusukuma pedeli ikiwa juu, ikielekea mbele. Ikifika chini, ivute nyuma kidogo, kama mtu anayefuta matope kwenye kandambili. Na mguu unaopanda uupunguzie uzito. Ukiulaza tu juu ya pedeli, mguu mmoja unapambana na mwenzake.

Kaa kwenye siti na uinamie mbele kidogo. Mabega yalegee, mikono isikamate usukani kama unataka kuuvunja. Ukisimama juu ya pedeli unapata nguvu zaidi, lakini unachoka upesi. Simama pale tu mlima ulipochongoka kwa hatua chache. Penye changarawe au utelezi usisimame, maana tairi la nyuma litateleza.

Ukiona miguu inatetemeka, shuka. Shuka ukiwa bado na nguvu za kuishika baiskeli, usingoje ianze kurudi nyuma. Kusukuma si aibu. Kama umembeba mgonjwa au mama mjamzito, usijaribu bahati hata kidogo: tafuta wa kukusaidia kusukuma, au tafuteni gari.

Na kushuka je?

Wahenga walisema: Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mzigo uliokuvuta nyuma wakati wa kupanda, sasa unakusukuma mbele. Punguza mwendo kabla ya kuanza mteremko, si katikati yake. Tumia breki zote mbili kwa kubana na kuachia. Ukibana ya mbele peke yake kwa ghafla, unaweza kurushwa juu ya usukani. Mvua ikinyesha, breki za mpira hazishiki upesi, kwa hiyo anza kubana mapema. Mteremko ukiwa mkali na mzigo mkubwa, shuka utembee.

Ndugu wasomaji, mzigo uliofika umechelewa bado ni mzigo. Lakini mguu uliovunjika hauendi shamba. Jaribuni mafunzo haya kwanza bila mzigo, kwenye mlima mdogo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini baiskeli inayokwenda mbio tambarare ni nzito mlimani?
2. Siti ya baiskeli yako ina urefu unaofaa? Ipime leo.
3. Katika kijiji chetu, ni mteremko gani wenye hatari zaidi? Tufanye nini ili watoto wetu wasiumie hapo?