Kuchimba si Kufukua

Kwetu Katanga, "mchimbaji" hutafuta shaba. Je, mwanaakiolojia naye ni mchimbaji? Tutazame Sanga, kando ya ziwa Kisale, palipofukuliwa makaburi mwaka 1957, 1958 na 1974. Humo mlikuwa na misalaba ya shaba: mikubwa iliwekwa kifuani, baadaye midogo mingi, karibu na mikono au nyonga. Kwa kulinganisha mahali hapo na umri wa makaburi, Pierre de Maret alionyesha kwamba misalaba midogo ilikuja kutumika kama fedha. Msalaba ulioibwa na kuuzwa bila maandishi ni neno lililong'olewa katika sentensi: twaweza kulitamka, lakini muktadha umepotea. Ndiyo sababu kanuni ni kupima, kuchora na kuandika kwanza, kuinua baadaye. Kaburi halifukuliwi mara mbili.