Gemu Hii Inalipa Nini? Namna Ninavyoipima Kabla Mtoto Hajaicheza

Mpwa wangu alikuja likizo ya Desemba na flashi mfukoni. Alikuwa na miaka 11, na ndani ya flashi hiyo alikuwa na Grand Theft Auto: San Andreas, gemu iliyotoka mwaka 2004 na ambayo hadi leo haijaondoka kwenye vibanda vya gemu huku uswahilini. "Mjomba, ni ya magari tu," aliniambia. Nikavuta kiti, nikakaa pembeni yake mbele ya kompyuta.

Ilianza kwa baiskeli. CJ, kijana anayerudi Los Santos baada ya mama yake kuuawa, anatupwa kichochoroni na polisi, anaona baiskeli, anaipanda na kukimbia. Haikupita nusu saa, mpwa wangu alikuwa amemvuta dereva nje ya gari, amempiga hadi akalala, na pale chini, ubavuni mwa maiti, zikatokea noti za kijani. Akampitisha CJ juu yake. Kwenye kona ya skrini hela zikapanda. Mtoto hakuonyesha hasira wala furaha. Alifanya kama mtu anayeokota sarafu aliyoiona njiani.

Sikuizima palepale. Nilimuuliza, "Hapo umelipwa kwa kazi gani?" Akatazama ile kona ya skrini, akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa sauti ya chini: "Kwa kumpiga yule."

Ninafundisha shule ya Jumapili, na wazazi wengi huniuliza kama gemu fulani "ina dhambi". Tangu siku ile nimeacha kuanza kwa kuhesabu damu na nguo fupi. Hivyo navyo nitaviangalia, maana vina uzito wake. Lakini swali la kwanza ni lile: gemu hii inamlipa mtoto kwa kufanya nini? Filamu humwonyesha mtoto ubaya wa mtu mwingine. Gemu humwomba aufanye yeye, kwa vidole vyake, mara mia kwa siku, na kila mara humpa ujira.

Anza na alama za umri

Hatua ya kwanza haichukui hata dakika mbili: kusoma alama ya umri. Alama hizi zilizaliwa na malalamiko ya watu kama sisi. Desemba 1993, maseneta wa Marekani Joe Lieberman na Herb Kohl waliitisha vikao kuhusu gemu kama Mortal Kombat, ambamo mshindi angeweza kumng'oa mpinzani kichwa pamoja na uti wa mgongo. Kampuni za gemu ziliona serikali inakaribia kuingilia, na mwaka 1994 zikaunda chombo chao, ESRB. Hapo ndipo zilipotoka herufi zilizo kwenye kona ya kasha: E kwa watu wote, E10+ kwa wenye miaka 10 na zaidi, T kwa 13, M kwa 17, na AO kwa watu wazima pekee. Ulaya ina PEGI tangu 2003, nayo hutumia namba: 3, 7, 12, 16 na 18.

Kibandani hakuna kasha. Diski imenakiliwa na jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kwa hiyo mimi huuliza jina kamili la gemu, kisha huliandika kwenye tovuti ya ESRB. Usisome herufi peke yake. Soma na maneno yanayoifuata, yaani damu, lugha chafu, ngono, pombe au kamari. Kwa gemu nyingi zilizopimwa tangu 2008 kuna pia maelezo mafupi yanayotaja hadi tukio lenyewe.

Alama hizo zina mipaka yake. San Andreas hiyohiyo ilipewa M. Mwaka 2005 watu wakagundua kwamba ndani ya diski kulikuwa na sehemu ya ngono iliyofichwa, ikafunguliwa kwa programu ndogo iliyosambazwa kwenye intaneti. Julai mwaka huo ESRB ikaipandisha hadi AO, na maduka makubwa ya Marekani yakaiondoa rafuni. Kwenye Play Store hali ni nyepesi zaidi, kwa kuwa alama hutokana na majibu ambayo mtengenezaji mwenyewe huyajaza kwenye dodoso. Mzazi anayeona 7+ na kurudi jikoni amemwachia mwenye duka kazi yake.

Daftari la mistari sita

Nina daftari la kawaida la shule. Kila gemu ina ukurasa wake, na kila ukurasa una mistari sita: ukatili, lugha, mwili, uchawi na imani, pesa, na watu wa mtandaoni. Juu kabisa naandika lile swali la malipo. Mtindo wa kutenganisha uzuri wa gemu na maadili yake niliuona kwa Christ Centered Gamer, tovuti ya Wakristo wa Marekani inayotoa alama mbili kwa kila gemu: moja ya ufundi, nyingine ya maadili. Umenisaidia sana. Vijana hukasirika ukiwaambia gemu yao ni mbaya, kwa sababu wao wanaona picha nzuri na hadithi tamu. Ukikubali kwamba ufundi wake ni wa juu, wanatulia na kukusikiliza unapofika kwenye yale mengine.

Mstari wa ukatili ndio unaohitaji subira. Biblia yenyewe ina vita, na Daudi hakumwangusha Goliathi kwa maneno matupu. Ninachotazama ni nani anapigwa, kwa nini, na gemu inasema nini baadaye. Katika Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009 kuna sehemu ambayo mchezaji anatembea na magaidi ndani ya uwanja wa ndege wakiua abiria wasio na silaha. Watengenezaji wenyewe waliona uzito wake, wakaweka onyo na ruhusa ya kuiruka bila kupoteza chochote. Mimi humwonyesha kijana mkubwa ruhusa hiyo kabla hajafika hapo.

Mfano wa upande wa pili ni Undertale ya mwaka 2015. Kila adui ndani yake anaweza kusamehewa, na mtu anaweza kuimaliza bila kuua hata mmoja. Anayeua hukusanya pointi na kupanda ngazi, kama kwenye gemu nyingine yoyote. Kisha, karibu na mwisho, anaambiwa kwamba pointi zile zote zilikuwa kipimo cha maumivu aliyowasababishia wengine. Nimeona kijana wa miaka 15 akiacha kibodi na kukaa kimya baada ya kusoma maneno hayo, halafu akaianza gemu upya.

Uchawi, madhabahu na dhamiri ya jirani

Kwa msomaji wa Ulaya, mchawi ni mtu wa hadithi mwenye kofia ndefu. Kwetu kuna familia zimevunjika kwa neno hilo. Kwa hiyo mstari wa nne siupiti haraka. Nauliza mambo mawili: mchezaji anapambana na nguvu za giza au anazitumia? Na je, anafanya ibada yenyewe, kama kutoa kafara au kuita pepo, au ni cheche tu za rangi zinazotoka kwenye fimbo? Doom ya mwaka 1993 imejaa alama za kishetani ukutani, ingawa mchezaji anayapiga mashetani. Kuna Wakristo wazima kiimani wanaoicheza kwa amani. Lakini kikundi chetu cha vijana kina binti aliyetoka kwenye nyumba ya uganga, na alama zile anazijua kwa jina. Warumi 14 inazungumzia hasa hali hiyo: chakula ambacho mimi nakila kwa amani kinaweza kumwangusha ndugu yangu. Mbele ya binti huyo, Doom haifunguliwi.

Kuna jambo ambalo hakuna alama ya umri inayolipima, nalo ni heshima kwa vitu vitakatifu. BioShock Infinite ya mwaka 2013 ina M kwa damu na ukatili. Hakuna mahali panapoonya kwamba ili uingie katika mji wa Columbia, lazima ukubali kubatizwa na mhubiri kipofu wa dini inayomwabudu mwanzilishi wa mji. Mchezaji mmoja Mkristo alifika hapo, akaona hawezi kubonyeza kitufe, akaandika kwa Valve, kampuni iliyomuuzia gemu hiyo, kuomba fedha yake. Akarudishiwa. Mimi namheshimu kwa hilo, japo wapo wanaosema hadithi yote inaipinga dini ile ya uongo. Pande zote mbili zimeifikiria gemu. Hilo ndilo ninalolitafuta.

Mwaka 2007 Kanisa la Uingereza liliilalamikia Sony kwa sababu gemu ya Resistance: Fall of Man iliweka mapigano ya bunduki ndani ya Kanisa Kuu la Manchester, lililochorwa kama lilivyo. Adui walikuwa viumbe wa kubuni, na kwa mtu wa mbali jambo lingeonekana dogo. Lakini Manchester ilikuwa na tatizo la kweli la vijana kupigana risasi. Sony iliomba radhi.

Pesa na wageni

Mama mmoja wa kanisani kwetu alikuwa akinunua vocha, inaisha kabla hajapiga simu. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa akinunua pakiti za wachezaji kwenye gemu ya mpira ya simu, gemu ya bure, yenye alama ya watoto. Hakuna damu. Hakuna tusi. Kila pakiti inafunguka kwa mwanga na muziki, na ndani yake mara nyingi kuna mchezaji wa benchi. Mtoto ananunua nyingine kwa matumaini.

Mchezo huo una jina. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu ni kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti za gemu yake ya mpira, FIFA. Kanisa linalokemea mikeka ya mpira kila Jumapili lina haki ya kutazama pia simu ya mtoto. Hatua yenyewe ni rahisi: fungua mipangilio ya Play Store, weka nywila kwa kila ununuzi, na usimwambie mtoto nywila hiyo.

Kuhusu wageni, Roblox ndiyo inayowachanganya wazazi zaidi. Wanauliza kama ni nzuri, wakati si gemu moja. Tangu 2006 ni kama soko ambalo watumiaji wenyewe hutengeneza gemu na kuziweka wazi kwa wengine, mamilioni kwa mamilioni. Ukipima moja, jirani yake hujaipima. Hapo ninapima milango badala ya picha: nani anaweza kumwandikia mtoto? Akaunti ya mzazi imeunganishwa? Mtoto mdogo anacheza sebuleni, sauti ikisikika, wala si chumbani na spika za masikioni.

Jina la Kikristo halitoshi

Wapo wanaokimbilia gemu za Kikristo wakidhani wamemaliza kazi. Left Behind: Eternal Forces ya mwaka 2006 ilitokana na riwaya maarufu za Tim LaHaye na Jerry Jenkins. Mchezaji anaongoza jeshi la waumini katika mitaa ya New York. Anaweza kuhubiri, anaweza pia kuua. Akiua, kiwango chake cha kiroho kinashuka, kisha anabonyeza kitufe cha maombi, kinapanda tena. Nilipoiuliza gemu hiyo swali langu la malipo, nilisikia uchungu zaidi kuliko nilivyosikia kwa San Andreas. Sala imegeuzwa sabuni.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2016, Ryan na Amy Green walitoa That Dragon, Cancer, kuhusu mtoto wao Joel aliyefariki kwa saratani akiwa na miaka mitano. Kuna chumba cha hospitali ambamo Joel analia, na kila unachobonyeza hakimtulizi. Baba anazunguka kitanda, anajaribu juisi, anajaribu kumbeba. Kilio kinaendelea. Baba anapofika mwisho wa nguvu zake anaomba, na mtoto ananyamaza. Hakuna pointi. Katika gemu nilizozipitia, sijaona nyingine iliyoonyesha maombi kwa ukweli kama huo, na mtoto mdogo nisingemwonyesha, kwa sababu ya uzito wa msiba.

Keti, cheza

Baada ya kusoma yote hayo, cheza. Nusu saa ya mwanzo haitoshi, kwa sababu gemu nyingi huanza kwa upole. Mimi hucheza mwanzo, kisha hutafuta YouTube video ya katikati na ya mwisho. Mwishowe hukaa na mtoto na kumwomba anifundishe yeye. Mtoto anayemfundisha mjomba wake hueleza kila kitu, hata yale ambayo angeyaficha kwa mpelelezi.

Mpwa wangu aliifuta San Andreas mwenyewe siku ya tatu, baada ya mazungumzo marefu na baada ya kunung'unika. Nilimpa daftari. Mwaka uliofuata alirudi na Stardew Valley, gemu ya kilimo, na ukurasa wake ulikuwa umejazwa kabla sijauliza: "Malipo: mboga, samaki na kusaidia majirani. Ukatili: mapangoni, kwa upanga. Pombe: ipo, kuna baa. Kamari: ipo, jangwani. Mchawi: yupo, anakaa mnarani, lakini sijajua ni mbaya au mzuri."

Tuliijadili hadi chai ikapoa. Tukakubaliana kwamba shamba lipandwe, jangwani asiende kucheza kamari, na tukifika kwa yule mchawi, aniite kabla hajabisha hodi.