Utunzaji wa Gobore Lenye Leseni

Wamiliki wa magobore yenye leseni wanakumbushwa kuwa hatari kubwa ya silaha hii ni baruti iliyosahauliwa mtutuni. Gobore hushindiliwa mdomoni. Kwa kulitazama tu, haiwezekani kujua kama lina kitu ndani. Hivyo, kabla ya kulifungua, ondoa fataki, elekeza mdomo mahali pasipo na mtu, tumbukiza mdeki hadi ukome, kisha utie alama usawa wa mdomo. Utoe na uulaze kando ya mtutu. Ncha ikifika karibu na tundu la moto, gobore ni tupu. Ikiishia mbali, limeshindiliwa: usichokoe wala usilifungue, toa taarifa polisi.

Likiwa tupu, tenganisha mtambo na mtutu kutoka kwenye kitako. Masizi ya baruti ni chumvichumvi inayonyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana kutu huanza mapema, hasa masika. Maji ya moto yenye sabuni huyaondoa vizuri kuliko mafuta ya taa. Suuza, kausha kabisa, ndipo upake mafuta mepesi. Kitako cha mbao kisiloweshwe.

Gobore lisilo na leseni, hata likiwa la urithi wa babu, lisalimishwe kituo cha polisi.