SOMO LA UFUNDI: STATA YA MOTOKAA YA ZAMANI



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo limekula mishahara ya wengi: motokaa ya zamani ambayo ukigeuza ufunguo inalia "tk, tk" tu, au injini inazunguka kivivu kisha inanyamaza.

Huku kwetu Kasese na Bwera magari ya Land Rover na Peugeot yaliyozidi umri wa madereva wake bado yanatafuta riziki. Hubeba pamba na kahawa, hubeba watu kwenda soko la Mpondwe, huwapeleka wafanyakazi zamu, na usiku hubeba mgonjwa kwenda Hospitali ya Bwera. Bwera kuna vilima vya kusaidia kulisukuma gari. Kasese mjini ni tambarare, na Land Rover yenye mzigo haisukumwi na watu wawili. Mfanyakazi akichelewa zamu hukatwa mshahara. Mgonjwa akichelewa, hatuna haja ya kueleza.

Kawaida ya wengi ni kukimbilia dukani kununua betri mpya. Baada ya miezi michache ugonjwa unarudi, basi inanunuliwa stata. Sisi tunasema wazi: usinunue betri wala stata kabla hujapima njia ambayo umeme unapita.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Taa kubwa moja ya mbele hutumia kama ampia 4 au 5. Stata ya injini ya petroli yenye silinda nne huvuta ampia 150 hadi 200, na ya dizeli huvuta zaidi, maana dizeli hubana hewa sana. Land Rover ya zamani ya dizeli ya lita 2.25 hubana hewa mara 23. Ndugu yake wa petroli hafiki hata nusu ya hapo.

Umeme mwingi namna hiyo hauvumilii kizuizi. Wakulima wa Mubuku wanaomwagilia mashamba wanajua kwamba tope kidogo mferejini halionekani maji yakiwa machache, lakini ukifungua maji mengi ndipo mfereji unafurika. Hesabu yake ni rahisi: zidisha ampia kwa omu, utapata volti zinazopotea. Kutu ndogo kwenye kiungo ikileta kizuizi cha omu 0.01 tu, ampia 200 zikipita hapo volti 2 zimepotea. Taa itawaka vizuri, honi italia, nawe utaapa kwamba umeme upo. Stata peke yake ndiyo inayojua ukweli. Nayo ikihangaika, betri inashuka na koili inakosa volti za kutoa cheche nzuri. Ndiyo sababu gari hilohilo likisukumwa huwaka mara moja.

Sasa tupime. Azimeni mita ya volti. Moja yatosha kwa mtaa mzima. Gari liwe gia huru, breki ya mkono imevutwa, mawe chini ya magurudumu. Vua saa na pete. Usivute sigara karibu na betri, kwani hewa inayotoka humo hulipuka. Betri iliyojaa, gari likiwa limetulia, husoma volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, ichajiwe kwanza. Chomoa waya wa koili ili injini ya petroli isiwake (kwa dizeli, vuta na ushikilie kizimio), kisha mwenzako ageuze ufunguo, asizidishe sekunde kumi, halafu apumzishe stata dakika moja.

Wakati anageuza, weka ncha moja ya mita juu ya risasi yenyewe ya betri, upande wa waya unaokwenda kwenye stata, siyo juu ya kibano chake, na ncha ya pili kwenye boliti ya stata. Mita itaonyesha volti zilizopotea njiani. Zikizidi 0.5, njia hiyo ni mbovu. Fanya vilevile kati ya upande wa pili wa betri na chuma cha injini. Hapo zisizidi 0.3. Upande huu wa pili ndio unaosahauliwa, na kwa maoni yetu ndio wenye hatia mara nyingi. Injini inakaa juu ya mipira, na umeme wake unarudi kwa mkanda mmoja wa waya wenye matope na mafuta ya miaka mingi.

Ukishajua ugonjwa ulipo, anza na ukarabati wa bei ndogo. Fungua waya wa bodi kwanza, na urudishe huo mwisho. Sugua vibano na viungo kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Toa mkanda mmoja kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye injini, na mwingine hadi kwenye bodi.

Kisha kebo. Wapo wanaotumia waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5. Mita mbili za waya huo zikipitisha ampia 200 hupoteza karibu volti 3 na kutoa joto la wati zaidi ya 500; huo ni moto chini ya boneti. Weka kebo ya milimita za mraba 35 kwa petroli, 50 kwa dizeli, na vichwa vyake vibanwe kwa koleo la kazi hiyo. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiwa mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Sisi ambao reli ilifikishwa Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe tusidanganywe na rangi.

Ikiwa stata yenyewe imechoka, zipo za siku hizi zenye gia ndani, ndogo, zinazovuta umeme kidogo na kuzungusha kwa nguvu. Lakini tazama mambo mawili. Magari mengi ya Kiingereza, hata Land Rover za kabla ya mwaka 1967 hivi, yalifungwa chanya kwenye bodi. Stata ya zamani haijali. Ile mpya yenye sumaku ndani itazunguka kinyume, na alteneta itaungua papo hapo. Geuza mfumo kwanza, au mwachie fundi wa umeme.

Jambo la pili ni swichi ya ufunguo. Stata mpya hudai umeme mwingi kwa ajili ya solenoidi yake, na swichi kuukuu huungua. Weka rilei ya ampia 40. Waya wa ufunguo uingie namba 86. Namba 85 iende bodi. Namba 30 itoke betri kupitia fyuzi ya ampia 30. Namba 87 iende solenoidi. Rilei yenyewe ifungwe mahali pasipofikiwa na maji ya barabarani.

Mkimaliza, pimeni tena kama mwanzo. Injini ikiwaka, betri isome volti kati ya 13.8 na 14.4, ikiwa chini ya hapo, dainamo au alteneta haichaji, na kebo mpya haitasaidia. Andikeni namba zote kwa rangi chini ya boneti pamoja na tarehe, ili dereva wa zamu nyingine aweze kulinganisha.