Mtoto akikohoa kila usiku, angalia ukuta

Mtoto wa miaka 5 analetwa kliniki mara ya tatu katika muda wa miezi miwili. Usiku anakohoa na kifua kinalia kama filimbi. Mchana anacheza na wenzake kama kawaida. Dawa ikiisha, kikohozi kinarudi. Swali ambalo sisi madaktari husahau kuuliza, nami nimelisahau mara si moja, ni hili: mtoto huyu hulala wapi?

Hapa Kiirua, na kwingineko katika miinuko ya Meru, aghalabu jibu ni "chumba cha chini". Nyumba imejengwa mteremkoni, na upande mmoja wa chumba hicho umezikwa udongoni. Hapo mwanzo kilikuwa stoo ya viazi. Jamaa ilipoongezeka, watoto wakahamishiwa huko. Pembeni mwa ukuta mna madoa meusi, rangi inabambuka na blanketi zinanuka uvundo.

Madoa hayo ni kuvu. Vumbi lake likivutwa na mwenye pumu au mzio, mirija ya hewa huvimba na kubana. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili, likieleza kuwa wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na pumu na maradhi ya njia ya hewa. Hata hivyo, kikohozi kinachozidi wiki 2, hasa pakiwa na homa, jasho la usiku au kukonda, sharti kipimwe kifua kikuu, hata ukuta uwe mweusi tii.

Kabla ya kumwita fundi, jua maji yanatoka wapi. Chukua karatasi ya nailoni yenye upana wa nusu mita, ibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, uiache siku mbili. Ikiwa upande ulioelekea ukuta umelowa, maji yanatoka udongoni. Ikiwa upande wa chumbani ndio uliolowa, ni mvuke wa pumzi, wa kupika na wa nguo zilizoanikwa ndani, ambao hugeuka maji ukigusa ukuta baridi.

Maji ya udongoni hayazuiwi kwa rangi mpya. Yazuie nje: maji ya paa yapelekwe mbali, udongo uteremke kutoka ukutani, na upande wa juu wa mteremko uchimbwe mtaro na kujazwa kokoto. Unayejenga sasa, usikubali fundi aruke ile karatasi nyeusi ya msingi. Nyumba mpya nayo isihamiwe haraka, kwani sakafu ya simiti ya sentimita 10 huchukua miezi kadhaa kukauka.

Mvuke ni rahisi zaidi. Ukungu wa asubuhi ukishatanzuka, fungua madirisha ya pande mbili. Sogeza kitanda mbali na ukuta. Kuvu isuguliwe kwa maji na sabuni, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kisha pakaushwe. Viazi navyo hupumua na kutoa unyevu, basi visilale na watoto. Magunia ya mahindi yasiguse sakafu hiyo: kuvu ya mahindi hutoa sumu ya aflatoksini, iliyoua watu 125 huko Makueni, Kitui na sehemu jirani mwaka 2004.

Linalonitia hofu kuliko kuvu ni jiko la makaa. Baridi ya Julai ikizidi, mtu huliingiza ili kukausha chumba, akafunga dirisha na kulala. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, miguu hulegea. Wengi hudhani ni malaria. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Hata makaa yaliyofunikwa na jivu bado huitoa.

Ukimkuta mtu amezimia humo, fungua mlango, mtoe nje upesi na umkimbize hospitali. Ukifika, taja jiko kabla ya jambo lingine lolote, maana kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinaweza kuonyesha kwamba oksijeni ni ya kutosha, kumbe sivyo.