SOMO LA HISTORIA NA JEOGRAFIA
Mto Unaingia ao Unatoka? Namna ya kutembelea mahali petu pa zamani



Kuna nchi za mbali ambako watu wanasafiri kwenda kutembea na kutazama. Kule Asia, katika Thailand, kuna jimbo la Nakhon Si Thammarat. Liko na hekalu kubwa la zamani la dini ya Buda, pwani ya bahari, na maporomoko ya maji yanayoshuka milimani. Tukisoma hivyo tunatamani kufika kule.

Lakini sisi tunaokaa hapa Mutarule, kati ya milima na mto Ruzizi, tuko pia na maporomoko, pwani, nyumba za Mungu na jiwe la kumbukumbu. Tunapanda gari ya Uvira, tunapita Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba, Kavimvira, tunashuka, tunafanya kazi iliyotupeleka, tunarudi. Kama mtu akituuliza tumeona nini, tutajibu: barabara.

Safari bila swali inachosha miguu tu. Ndiyo maana katika somo hili ninachukua swali moja ambalo watu wakubwa wa Ulaya waligombania miaka 13, na jibu lake lilikuwa hapa kwetu. Swali ni hili: mto Ruzizi unaingia katika ziwa Tanganyika, ao unatoka?

1. WALIOULIZA MWAKA WA 1858

Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika kwenye ziwa Tanganyika mwezi wa pili 1858. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile, ule unaopita Misri. Walisikia kwamba upande wa kaskazini wa ziwa kuna mto mkubwa. Wakafikiri hivi: kama mto ule unatoka ziwani na kwenda kaskazini, labda ndio Nile yenyewe.

Wakapanda mitumbwi, wakafika Uvira mwezi wa nne. Hapo watoto wa mfalme Maruta walikuja kuwaona. Wageni wakawauliza juu ya mto. Vijana wale wakajibu wazi: mto unaingia ziwani. Watu waliosimama pale wakakubali wote. Burton alihuzunika sana, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1860 aliandika habari hiyo na huzuni yake. Walitaka kuendelea mpaka mlangoni mwa mto kusudi waone kwa macho, lakini wapiga kasia waliogopa, wakakataa. Basi wakarudi Ujiji.

Sasa tazameni jambo lililofuata. Katika mwaka ule ule Speke alikwenda peke yake mpaka ziwa Victoria, akasema: Nile inatoka hapa. Burton hakukubali, na urafiki wao ukaharibika. Mwaka wa 1864 Burton akageuza maneno: akaanza kuandika kwamba Ruzizi unaweza kuwa unatoka Tanganyika na kwenda kaskazini. Je, alikuwa amerudi Uvira kuona upya? Hapana. Maji yalikuwa yale yale na mashahidi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni tamaa yake ya kumshinda Speke. Speke mwenyewe alikufa mwezi wa tisa 1864 kwa risasi ya bunduki yake, siku moja mbele ya mkutano ambapo hao wawili walipaswa kubishana.

Hapo ndipo somo letu lilipo. Burton alisikia ukweli kwa watu wa Uvira, akauandika kwa mkono wake, halafu akauacha kwa sababu haukumfurahisha.

2. WALIOKWENDA KUTAZAMA MWAKA WA 1871

Mwaka wa 1871 Henry Morton Stanley alimkuta Daktari David Livingstone kule Ujiji. Katika mwezi wa kumi na moja wale wawili wakapanda mtumbwi, wakafuata pwani ya mashariki, ndiyo Burundi ya leo, kwenda kaskazini. Swali lao lilikuwa lile lile la Ruzizi. Wakaongea na wakubwa wa kule. Mmoja, jina lake Ruhinga, aliwahesabia mito inayoingia katika Ruzizi, akawaambia pia kwamba Ruzizi unaanzia kando ya ziwa linaloitwa Kivo. Ninyi mnajua ni ziwa gani hilo!

Hawakuishia kwa kuambiwa. Wakapiga kasia mpaka mlangoni mwa mto, wakaona kwa macho yao: maji yanaingia. Bishano la miaka 13 likamalizika kwa siku moja ya kutazama, na jibu lilikuwa lile lile la watoto wa Maruta.

3. JIWE LA MUGERE

Upande wa Burundi, karibu kilometa 10 kusini ya Bujumbura, kuna jiwe kubwa mahali panapoitwa Mugere. Limeandikwa jina la Livingstone na la Stanley, na tarehe 25-XI-1871. Watu wengi wanaokwenda kulitazama wanarudi wakisema: "Tumeona pale Stanley alipomkuta Livingstone." Si kweli. Walikutana kwanza Ujiji, katika Tanzania ya leo, na Mugere ni mahali walipolala wakiwa katika safari hii ya Ruzizi. Jiwe halikusema uongo. Msomaji ndiye aliyesoma majina mawili, akajaza mengine kwa mawazo yake.

4. MAPOROMOKO NA NJIA YA MAJI

Sasa tuache watu, tuulize mto wenyewe. Ziwa Kivu liko karibu meta 1,460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu meta 770. Kati yao Ruzizi unatembea karibu kilometa 117. Kwa hiyo maji yanashuka karibu meta 700, na sehemu kubwa ya kushuka iko kule juu, kati ya Bukavu na Kamanyola, katika bonde jembamba la mawe. Huko mto unaruka na kupiga kelele. Nguvu hiyo ndiyo iliyowekewa baraji za umeme: Ruzizi ya kwanza mwaka wa 1959, na Ruzizi ya pili mwaka wa 1989, ambayo ni ya inchi tatu pamoja, Kongo, Rwanda na Burundi.

Ukishapita Kamanyola mto unachoka. Unaingia katika tambarare yetu, unapinda kama nyoka, unaacha udongo wake kidogo kidogo. Kwenye mlango wake udongo huo umejenga vipande vya inchi na majani marefu ambako viboko na mamba wanakaa. Mtu akiona udongo ule umerundikana mbele ya ziwa, hahitaji kitabu: maji yanakuja toka juu.

Na kutoka ziwani yanakwenda wapi? Mwaka wa 1874 Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, aliuona mlango wa kutokea: ni mto Lukuga, karibu na Kalemie. Lukuga unaingia Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo. Kwa hiyo maji yanayopita hapa kwetu yanakwenda kufika Kisangani, Kinshasa, Matadi, mpaka bahari ya Atlantiki. Nile iko njia nyingine.

Anayetaka maporomoko marefu zaidi aende mwisho wa kusini wa ziwa, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia. Kule mto Kalambo unaanguka zaidi ya meta 200 kwa mara moja.

5. PWANI HAISIMAMI

Ziwa letu ni refu karibu kilometa 670, na lina shimo la meta 1,470. Katika maziwa yote ya dunia, ni Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina. Ukisimama Uvira jioni, jua likishuka nyuma ya milima ya Mitumba na milima ya Burundi ikiwa bado na mwanga ng'ambo, unaona uzuri ambao watu wa mbali wangelipa pesa kuutazama.

Lakini usifikiri kwamba unasimama pale pale Burton aliposimama. Zamani zile Lukuga ulikuwa umezibwa na udongo na majani, na ziwa lilikuwa likipanda. Karibu na mwaka wa 1878 maji yakavunja kizuizi, na ziwa likashuka karibu meta 10 katika miaka iliyofuata. Nyakati zetu limepanda tena na kuingia katika nyumba za watu, na mwezi wa nne 2020 mito iliyoshuka milimani iliua watu Uvira na kubomoa nyumba nyingi. Kwa hiyo mbele ya kusifu mchanga, mwulize mama anayeuza ndagala: "Mama, maji yalifika wapi? Nyumba yenu ilikuwa wapi?" Kidole chake kitakufundisha kuliko picha.

6. NYUMBA ZA MUNGU

Kule Thailand wanaonyesha hekalu la dhahabu. Makanisa yetu ni ya matofali na mabati, lakini yako na historia. Wamisionari wa Kipentekoste wa Uswidi walifika Uvira mwaka wa 1921, na kutoka kazi ile ikazaliwa jumuiya inayoitwa leo CEPAC, ya 8 katika Kanisa la Kristo. Ukipanda milimani unafika Lemera, kwenye hospitali ya jumuiya hiyo. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mganga mkuu wake alikuwa Denis Mukwege, ambaye baadaye alianza kazi Panzi, na mwaka wa 2018 akapewa zawadi ya Nobel ya amani.

Na hapa Mutarule, usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa, kati yao watu waliokuwa katika ibada. Kwa sababu hiyo hatuwezi kusema historia yetu ni ya wazungu na mitumbwi tu. Mgeni akija atauliza: "Ilikuwaje? Ni nani?" Na sisi, tulio wa makabila mbalimbali katika shule moja, kila mmoja yuko na maneno aliyoyasikia nyumbani. Hapo tukumbuke Burton. Mtu anaweza kusikia ukweli, kisha akaugeuza kidogo kwa sababu unamwumiza ao kwa sababu unampa haki adui yake. Juu ya mto, kosa kama lile lilipoteza miaka. Juu ya damu ya watu, linaweza kuita damu nyingine. Mahali pale tuvue kofia, tunyamaze kwanza. Tukiulizwa, tuseme tulichoona, na tulichoambiwa tutaje kwamba tumeambiwa.

7. NAMNA YA KUTEMBELEA

Kama tutapata safari ya masomo wakati wa amani, ao hata mtu akienda peke yake kumsalimia mjomba Uvira, afanye hivi:

a) Mbele ya kutoka, aandike swali moja katika kaye. Moja linatosha.

b) Agawe ukurasa mara tatu. Sehemu ya kwanza: NIMEONA. Ya pili: NIMEAMBIWA, na nani. Ya tatu: NINAFIKIRI. Asiruhusu neno lihame toka sehemu ya tatu kwenda ya kwanza.

c) Awasalimu wazee na kuomba ruhusa: "Jambo baba, samahani, naweza kuuliza?" Mzee akikataa, amshukuru vile vile.

d) Asiogelee karibu na mlango wa Ruzizi, juu ya mamba na viboko. Asiandike jina lake kwenye jiwe wala ukuta wa kanisa.

e) Akirudi, awasomee wale waliomweleza. Wao watasahihisha.

Katika kitabu cha Yoshua, mlango wa 4, Waisraeli walitoa mawe 12 katika Yordani wakayasimamisha, kusudi watoto wakiuliza maana yake siku moja, wapate kujibiwa. Mawe peke yake hayasemi. Yanahitaji mtoto wa kuuliza, na mkubwa wa kujibu bila kupotosha. Leo sisi ni watoto wanaouliza. Sisi wa mwaka wa sita, muda mfupi tu tutakuwa wale wanaoulizwa.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Watoto wa Maruta walijibu nini mwaka wa 1858? Kwa nini Burton aliacha jibu hilo baadaye?
2. Toa alama mbili zinazoonyesha kwamba Ruzizi unaingia ziwani, bila kutaja kitabu wala mtu.
3. Fuata kwa kidole kwenye karta njia ya maji toka Kivu mpaka Atlantiki. Andika majina ya mito.
4. Jiwe la Mugere linasema nini, na watu wanaliongezea nini?
5. Mwulize mzee mmoja wa kwenu jambo moja la zamani. Andika katika sehemu tatu za kaye, ulete kwa mwalimu wa historia.

Mkuu wa wanafunzi, mwaka wa sita